Tukeshe mchana pia



Mpunga unapoanza kuinamisha vichwa, sisi walimu tunajua hata bila kufika shambani. Madawati yanabaki matupu. Tukiuliza, “Fulani yuko wapi?” wenzake wanajibu kwa sauti moja: “Anafukuza ndege, Mama Mwalimu!” Kwa kawaida hapo tunaanza kuwakemea wazazi. Leo hatutawakemea, hiyo tutaisema wiki nyingine. Leo tunataka tujifunze kitu kwa huyo mtoto anayechunga mpunga.

Asubuhi na mapema anafanya kazi vizuri. Anapiga debe, anarusha mawe, anapiga kelele mpaka jirani ng’ambo ya mto anamsikia. Hatari haiko asubuhi. Hatari inakuja saa sita, jua likiwa kichwani na tumbo likiwa tupu. Mtoto anasema, “Nijilaze kidogo tu kivulini.” Na ndege ni wadogo. Hawaji kama tembo, hawavunji kitu. Kila mmoja anachukua punje mbili, tatu. Hakuna mtu aliyewahi kusikia kelele ya shamba linaloliwa na ndege. Jioni mama anafika, anaona masuke yamesimama wima, anafikiri ni uzuri. Akiyashika, ni maganda matupu. Suke lenye punje linainama.

Basi wamama, jaribu nalo linakuja namna hiyo.

Tunajua sote maneno ambayo Bwana Yesu aliwaambia wanafunzi wake kule Gethsemane, kwamba wakeshe na kusali wasije wakaingia katika majaribu. Tumeyasikia mara nyingi mpaka masikio yameyazoea. Lakini tumeangalia namna Luka anavyoieleza habari ile? Anasema wanafunzi walilala kwa sababu ya huzuni. Hawakulala kwa sababu walikuwa watu wabaya, wala kwa sababu hawakumpenda Bwana wao. Walikuwa wamechoka, moyo ulikuwa mzito. Na Yesu mwenyewe, shetani alimjia wakati gani? Baada ya siku arobaini za kufunga, akiwa na njaa. Na alianza na nini? Alianza na mkate.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba jaribu linawatafuta watu waovu tu. Linamtafuta mtu aliyechoka. Na nani anachoka kuliko mama wa Kabambare? Anaamka kabla ya jogoo, analima, anabeba muhogo kichwani na mtoto mgongoni, anatwanga, anapika bukari, na usiku akitaka kupumzika mtoto anashikwa na homa. Huyo ndiye shetani anamfuata na maneno yake matamu: “Mama, umeteseka sana. Hiki kidogo ni haki yako.”

Wengi wetu tukisikia neno kukesha tunafikiri ule mkesha wa maombi. Tunaenda kanisani jioni, tunaimba, tunapiga makofi, tunasali mpaka kunakucha. Ni jambo jema, tusiliache. Lakini tumekwisha kuona mtu aliyekesha usiku mzima mbele ya Mungu, kisha asubuhi sokoni akapima mchele kwa kopo ambalo kitako chake kimegongwa kikaingia ndani. Usiku alikesha, mchana akalala. Bwana hakusema tukeshe usiku peke yake.

Tuwakumbushe habari za watu wawili wa nchi yetu.

Wa kwanza tumekua tukisikia jina lake: Sista Anuarite Nengapeta. Wakati wa uasi wa Simba, tarehe 1 Desemba 1964, kule Isiro ambako zamani paliitwa Paulis, mkubwa mmoja wa askari alitaka kumfanya mke wake kwa nguvu. Alikataa, na akauawa, hajatimiza miaka 25. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri hapa hapa nchini, mjini Kinshasa. Jaribu lake lilikuja na bunduki. Lilinguruma kama simba, kila mtu aliliona kwamba ni jaribu.

Wa pili wengi hawamjui bado, na yeye ni wa wakati wetu kabisa: Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, aliyezaliwa mwaka 1981. Sisi wa Maniema na watu wa Goma tulikuwa jimbo moja la Kivu mpaka 1988, kwa hiyo ni ndugu yetu wa karibu. Alisoma sheria. Alikuwa katika jumuiya ya Sant’Egidio, na huko aliwashughulikia watoto wa barabarani, wale wanaoitwa maibobo, ili wapate kusoma. Alikuwa na mchumba, alitaka kuoa. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, OCC, pale mpakani Goma.

Siku moja kikapita chakula kilichoharibika, mchele usiofaa kuliwa na mtu. Wenye mali wakampa pesa ili afumbe macho tu. Angalieni, wamama: hawakumwambia aue mtu, wala aibe, wala amkane Mungu. Walimwomba saini tu. Alipokataa, wakaongeza pesa. Na watu wengine wakamsukuma kwa simu akubali.

Yeye alifanya nini? Alimwuliza sista mmoja rafiki yake, ambaye ni daktari, chakula cha namna ile kinaweza kumfanya nini mtu anayekila. Alipojua hatari yake, akaona kwamba Mkristo hawezi kupokea pesa zile na kuacha watu walishwe sumu. Mali ile ikaharibiwa. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri kule Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo. Mji wake wa Goma wakati huo ulikuwa mikononi mwa M23. Wenzetu Wakatoliki wanamwita shahidi. Wenzetu Waprotestanti hawana desturi hiyo, lakini hakuna kitu kinachowazuia kujifunza kwa kijana Mkristo aliyekataa bahasha.

Sisi wamama tumekaa tukifikiri juu ya mchele ule. Nani angeupika? Si yule tajiri, wala si yule aliyepiga simu. Angeupika mama mmoja wa Goma ambaye hakumjua Floribert, amehesabu faranga zake sokoni, amechagua ule wa bei ndogo, ameuchambua na kuuosha, kisha amewapakulia watoto akisema, “Kuleni mshibe.” Floribert hakumwona mama yule kwa macho. Lakini alimwona. Tunafikiri kukesha ndiyo huko: kuona sahani ya mtu mwingine mwishoni mwa kitu kidogo ambacho mkono wako unataka kufanya.

Sasa tuje kwetu nyumbani. Tunasema “sisi”, lakini haya tunayotaka kusimulia ni aibu ya huyu anayeandika. Wamama wa kikundi chetu wanayajua na wametupa ruhusa ya kuyaandika.

Sanduku la akiba la kikundi chetu lina kufuli tatu, kama masanduku ya vikundi vingi. Funguo tatu zinakaa kwa wamama watatu, ili mtu asifungue peke yake. Ni utaratibu mzuri. Lakini wakati wa mvua, mama mmoja alienda kukaa shambani mbali, na mwingine alienda kwao kujifungua. Wote wawili wakatuachia funguo zao. “Wewe ni mwalimu,” walisema, “wewe tunakuamini.” Tukafurahi kuaminiwa. Siku ile hatukuona kwamba mlinzi amekwisha kulala.

Mshahara ulikuwa umechelewa. Mtoto akashikwa na malaria. Usiku tukafungua kufuli zote tatu, tukachukua faranga 15 000 za dawa. Tukasema moyoni: huku si kuiba, ni kukopa, mshahara ukifika tutarudisha. Na kweli dawa ilihitajiwa. Ndiyo sababu tunawaambia kwamba jaribu halikuja na uso mbaya. Lilikuja na uso wa mtoto mgonjwa.

Wiki mbili baadaye tukachukua faranga 10 000 za chumvi na sabuni. Kisha siku ya wanawake ya tarehe 8 Machi ikakaribia, wenzetu wote wanashona vikwembe, nasi tukaona haya kubaki na nguo ya zamani. Tukachukua 20 000. Mara ya kwanza mkono ulitetemeka. Mara ya tatu haukutetemeka. Tungetaka kila mama ashike hapo: siku dhambi inapoacha kukutetemesha, usifikiri umepata amani. Umepata usingizi.

Basi akaja koko mmoja wa kikundi, mjane, anayeuza mawese kwa chupa. Mjukuu wake alikuwa na ngiri, alitakiwa kupasuliwa. Aliomba akopeshwe faranga 60 000. Sanduku lilipaswa kuwa na 90 000. Ndani mlikuwa na 45 000 tu. Tukamwambia, “Koko, wenye funguo hawapo. Ngoja siku ya kikao.” Angalieni, sasa uongo nao umeingia, na hatukuuita, ulikuja kumtafuta ndugu yake. Koko akaitika kwa adabu: “Asante, Mama Mwalimu. Nitangoja.” Akachukua chupa zake, akaenda.

Neno lile “nitangoja” halikutuacha kulala. Tungalikuwa na mtu wa kututukana, tungalijitetea. Lakini yeye alitushukuru.

Kabla ya kucha tulikwenda kwa mama prezidenti wa kikundi, tukasema yote. Hakupiga kelele. Alitupa kiti, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza, “Mbuzi wako yule ungali naye?” Tukasema ndiyo. “Basi twende sokoni.” Mbuzi akauzwa, zilizopungua tukaazima kwa ndugu, sanduku likajaa kama lilivyopaswa, na koko akapata pesa zake siku ya pili. Mtoto alipasuliwa, anaendelea vizuri, yuko darasani mwetu. Kila tukimwita ubaoni tunakumbuka.

Kwenye kikao tuliomba msamaha mbele ya wote. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Mwishoni koko akasimama. Tulifikiri atasema tufukuzwe. Akasema, “Ufunguo mmoja mnipe mimi. Mimi sina pa kwenda wakati wa mvua.” Mpaka leo ufunguo uko kwake, ameufunga kwenye ncha ya kikwembe chake, na sisi hatuna ufunguo hata mmoja. Tunawaambia kweli: tunalala vizuri.

Kwa nini tumewaambia haya? Kwa sababu katika magazeti ya kanisa mara nyingi tunaandika kama watu tunaosimama ng’ambo ya mto, tunawaita wengine wavuke. Hapana. Tumo majini pamoja nanyi.

Tumejifunza nini? Tumejifunza kwanza kwamba kusali bila kuweka walinzi hakutoshi. Soma kitabu cha Nehemia, sura ya nne. Watu walikuwa wanajenga upya ukuta wa Yerusalemu, na maadui wakatishia kuwashambulia. Walimwomba Mungu, na papo hapo wakaweka walinzi mchana na usiku. Wengine walijenga kwa mkono mmoja na kushika silaha kwa mkono wa pili. Hawakusema, “Tumekwisha kusali, twende tulale.” Kufuli tatu kwa watu watatu ni sala pia. Kuandika hesabu katika daftari mbele ya wote ni sala. Mwenzako akikuambia, “Tuhesabu tena,” usikasirike kwamba hakuamini. Anakusaidia kukesha.

Pili, tujue saa yetu ya kusinzia. Kila mtu ana saa yake. Mwingine ni pale anapokuwa na njaa. Mwingine ni kisimani, ndoo zikiwa zinangoja, na jina la mama fulani likatajwa. Anaanza kwa kusema, “Mimi sipendi kusengenya, lakini…” Mwingine ni usiku, mume yuko mbali kwenye machimbo ya dhahabu kule Salamabila, miezi imepita bila habari, na simu inaleta salamu tamu za mtu mwingine. Kwetu sisi walimu, saa hiyo ni mwisho wa mwaka, wakati wa kutoa pointi. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini mzazi bado anakuja na kuku ndani ya kikapu, anasema kwa upole, “Mwalimu, mtoto wako huyu umwangalie.” Na mshahara tunajua habari zake. Kuku ni mtamu. Lakini ukimpa mtoto pointi ambazo hakuzipata, nani atakula sahani ile? Ni yeye mwenyewe mbele ya mtihani wa taifa, na ni yule mtoto wa maskini ambaye mama yake hakuwa na kuku, amepita nyuma yake.

Tatu, tuamue mapema. Floribert hakuanza kujiuliza yeye ni nani siku bahasha ilipowekwa mezani. Alikuwa amekwisha kuamua tangu zamani, kidogo kidogo, akikaa na maibobo, akijua majina yao. Mtu anayengoja jaribu lifike ndipo atafute jibu ni kama mtoto anayetafuta debe wakati ndege wamekwisha kutua. Mama, sema leo, ukiwa umeshiba na umetulia: kopo langu halitagongwa kitako. Pesa za watu sitazigusa hata kwa dawa. Nitaomba mbele ya wote. Ujumbe wa usiku sitaujibu. Kisha mwambie mtu mmoja unayemwamini. Neno ulilomwambia mwenzako ni gumu kulivunja.

Nne, tuulize kabla ya kufumba macho. Floribert alimwuliza daktari. Sisi nasi tukiwa na mashaka tumwulize mtu: mama mtu mzima wa kanisa, mchungaji, padri, mama prezidenti. Kama kuna jambo hutaki kabisa mtu yeyote akuulize habari zake, jua ndege wamo shambani.

Lakini kukesha si kuwa na hofu, wala si kuwa mlinzi wa nyumba ya jirani. Tunao wamama wanaokesha sana, ila macho yao yako kwenye mlango wa mwenzao: amerudi saa ngapi, kikwembe kile kimetoka wapi. Huko si kukesha. Kila mtu na achunge mpunga wake, na akimwona mwenzake amesinzia, amwamshe kwa jina lake, polepole, asipige debe la kijiji kizima. Majirani zetu Waislamu, ambao ni wengi hapa kwetu, tunawaona mwezi wa Ramadhani: jioni, dakika chache kabla ya kufungua, chakula kiko mbele yao, kiu imewashika, na hakuna mtu wa kuwazuia. Hawagusi mpaka saa itimie. Tujifunze hata kwao uvumilivu ule.

Na aliyekwisha kuanguka je? Petro alilala bustanini, na usiku ule ule, penye moto, swali la kijakazi mmoja lilitosha kumwangusha. Lakini Bwana alimgeukia akamtazama, naye akatoka nje akalia. Baadaye ni yeye aliyewaandikia Wakristo wakae macho, kwa sababu adui anazunguka kama simba anayetafuta wa kummeza. Aliandika akijua anachokisema. Kwa hiyo mama, kama sanduku lako halijatimia, kama kuna neno umelificha, usingoje mpaka koko aje mlangoni. Amka kabla ya kucha, uende. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mbuzi mmoja leo ni rahisi kuliko jina lako zima kesho.

Wiki hii, kwenye kikao cha kikundi, tunaomba mzungumze maswali haya matatu:

1. Saa yangu ya kusinzia ni ipi, na nani anaweza kuniamsha?

2. Katika kikundi chetu, funguo, daftari na pesa viko kwa watu wangapi? Kama vyote vimekaa kwa mtu mmoja, hata kama ni mtu mwema, tumsaidie kwa kumpunguzia mzigo.

3. Kile kitu kidogo ninachofanya bila mkono kutetemeka, mwishoni kinafika kwenye sahani ya nani?

Aliye na jibu ambalo linaweza kuwasaidia wengine, atuletee, tutaliandika bila kutaja jina.

Na watoto wenu, mpunga ukishavunwa, warudisheni shuleni. Tunawangoja.

Bwana atufumbue macho, usiku na mchana.

Ni sisi wenu, Mama Mwalimu.